Mbwa Aliyedhani Jina Lake ni Wacha

Jumapili iliyopita shemasi wa kanisa letu alikuja kututembelea hapa Kitui mjini, amevaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi ikanyooka. Kabla hajavuka mlango, mbwa wa binti yangu akamrukia kifuani na kumpaka matope kutoka kola hadi mfukoni. Ni mbwa wa miezi sita, hana ubaya wowote, ni furaha tu imemzidi mwili. Binti yangu hakushtuka. Alitoa simu, akatafuta, akaanza kutusomea mashauri ya wataalamu huku shemasi bado anajipangusa: usimpigie kelele, usimsukume, mgeuzie mgongo, mpe kitu kizuri akitulia. Mimi nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka shemasi akadhani namcheka yeye, ikabidi nimweleze, na nikishaanza kueleza mambo ya kwetu huwa sijui pa kusimama. Kwa hivyo na wewe vuta kiti.

Nililelewa na nyanya, mama yake mama, kando ya barabara ya vumbi inayokwenda soko la Tulia. Sisi Wakamba nyanya tunamwita susu, na mimi sijawahi kumwita jina lingine. Mama alikuwa akifanya kazi kwenye duka la nguo kule Mwingi, akija kila mwisho wa mwezi na mkate na habari. Nyumbani tulibaki watatu: Susu, mjomba ambaye alikuwa hajaoa, na mimi, msichana wa miaka kumi mwenye mdomo usiofungika. Asubuhi niliamshwa na mchi, tu, tu, tu, Susu akikoboa mahindi ya muthokoi kwenye kinu, na harufu ya moshi wa kuni ikipenya chini ya mlango. Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja, kuwapa kuku maji, na wakati wa mavuno kukaa na fimbo kando ya turubai tulipoanika ndengu nikifukuza kila chenye mdomo. Nilidhani hayo ni mateso. Laiti ningejua.

Mbwa aliletwa na mjomba kutoka sokoni, ndani ya koti lake, amejikunja akalingana na mkate wa nusu. Tulimwita Simba, kwa sababu kule kwetu ukitaka kumpa mbwa jina ni Simba, na majirani watatu walikuwa tayari na Simba wao. Jina hilo lilidumu siku nne.

Wacha nikwambie mbwa yule alivyokuwa. Ukitoka chooni, anakusherehekea kama umerudi kutoka Nairobi. Ukiinama kuchochea moto, yuko mgongoni. Kila aliyepita njiani alirukiwa, akalambwa uso, akavutwa nguo. Alikimbia kuzunguka nyumba bila sababu, akapita katikati ya turubai la ndengu, akarudi kupita tena ili ahakikishe zimetawanyika zote. Alitafuna kiondo cha Susu kilichokuwa kimefika nusu, kikapu cha katani nzuri aliyoisokota mwenyewe pajani, akabaki na nyuzi zinaning'inia mdomoni na macho ya mtu aliyefanya kazi ya maana. Na wakati wote huo Susu alikuwa akipaza sauti neno moja tu: "Eka!"

Eka kwa Kikamba ni wacha, yaani acha hiyo, koma. Susu alilisema asubuhi, mchana na jioni. Eka kuku. Eka leso yangu. Eka mguu wa mgeni. Siku moja mimi ndiye niliyekosa, nilikuwa nachokora sukari kwenye kopo kwa kidole, Susu akanikemea, "Eka!" Kutoka nyuma ya zizi la mbuzi tukaona kitu kinakuja na vumbi lake. Mbwa alifika, akaruka, akanilamba sukari yote kidoleni, akakaa akimtazama Susu kana kwamba anasema, nimefika mama, ulikuwa unasemaje.

Tulitazamana. Nikaita, "Simba." Hakuna hata sikio lililosogea. Nikasema, "Eka," akanirukia kifuani.

Kumbe maskini alikuwa ameshajipa jina. Neno alilosikia kuliko yote nyumbani, tena likisemwa na watu wanaomtazama yeye, angedhani ni nini? Sasa fikiria tulipokuwa tumefika. Kila tulipomkataza, yeye alisikia tunamwita. Tulivyozidi kukasirika ndivyo alivyozidi kujua kwamba anapendwa. Na si sisi tu. Mama yeyote kule ng'ambo ya barabara akimwambia mtoto wake eka, mbwa wetu aliruka ua wa miiba akaenda kuitika.

Halafu ikaja ile Jumapili. Kanisa letu lilikuwa la mabati, halina mlango, na mhubiri alikuwa mgeni, mtu wa sauti. Akaanza kuzitaja dhambi moja moja, na kila akitaja moja anapiga meza: wizi, eka. Uongo, eka. Pombe, eka. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele na Susu, na alipofika kwenye wizi tu nikageuka kutazama nje, maana nyumbani si mbali. Alipofika kwenye pombe mbwa alikuwa ameshaingia. Alipita katikati ya wanaume na wanawake, akapanda jukwaani, akamwekea mhubiri miguu miwili begani. Mhubiri, naye Mungu ambariki, akapiga kelele, "Eka! Eka!" Unajua mwenyewe kilichofuata. Kwaya ilicheka mpaka kinanda kikazimwa. Susu hakucheka. Alifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika, na mpaka leo sijui kama yalikuwa machozi.

Tungeendelea kucheka, lakini wiki hiyohiyo akamwangusha Susu.

Susu alikuwa na mguu wa kushoto uliomsumbua tangu zamani, akitembea kwa fimbo. Alikuwa anatoka kwenye tangi na ndoo ya maji, mbwa akamwona kama aliyekuwa hajamwona mwaka mzima, ingawa ni dakika tano tu zimepita. Nilisikia ndoo kwanza. Nilipofika, Susu yuko chini, maji yamemwagika kote, na mbwa anamlamba shavu kwa furaha. Hakuvunjika, tunashukuru, lakini hakuweza kusimama bila mjomba kumshika makwapa, na siku tatu alikula akiwa kitandani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Susu mdogo hivyo. Niliogopa sana.

Mjomba hakuwa mtu mbaya, ila akikata neno limekatika. Jioni hiyo alisema mbwa ataondoka. Alikuwa na rafiki yake mfuga mbuzi huko Tseikuru, mbali kaskazini, ambaye angekuja kutuona Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na huyo angempeleka mbwa kule porini akarukie fisi. Nikalia. Nikasema nitamfundisha. Mjomba akaniambia samaki mkunje angali mbichi, na huyu ameshakauka. Sisi ambao samaki tulimwona kwa nadra tukajua tu kwamba jambo ni zito. Lakini Susu akasema kutoka kitandani, "Mpe mtoto hizo wiki tatu." Basi nikapewa wiki tatu. Akimwangusha mtu mmoja zaidi, hata Jumamosi haitangojwa.

Nilijaribu yote niliyoyajua, na yote yalikuwa makosa. Nilimfunga kwa kamba, akabweka mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna msiba. Nilimwonyesha fimbo, akaipenda, akakimbia nayo. Nilijaribu kumrudisha kwenye jina la Simba, lakini huwezi kumnyang'anya mtu jina lake. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, na mimi nimekonda.

Aliyeniokoa hakujua kwamba ananiokoa. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Mwingi, Mwislamu, watu wake asili yao ni kaskazini mashariki, mtu mrefu wa kanzu nyeupe na maneno machache. Alikuwa akinunua mbuzi kwa Susu tangu mama yangu akiwa msichana. Susu alimwekea birika la maji safi la kutawadhia na mkeka ambao hakuna aliyeukanyaga ila yeye. Dini yake ilimtaka mate ya mbwa yasimguse kabla ya kusali, na hebu fikiria maisha ya mtu wa namna hiyo, ambaye kazi yake ni kuingia boma moja hadi jingine na kila boma lina Simba wake.

Wiki ya pili alikuja kwetu, na Eka alimwona kutoka mbali akaondoka kama jiwe la manati. Mimi niko mbali, nimebeba kuni, nikajua basi, kwaheri, ni Tseikuru. Lakini mfanyabiashara hakukimbia, hakuinua fimbo, hakusema lolote. Alikunja mikono kifuani, akageuza uso pembeni akaangalia milima, akawa mwimo wa mlango. Eka alisimama ghafla mbele yake. Akamzunguka. Akabweka mara moja kwa mashaka. Hakuna jibu. Hajawahi kuona binadamu asiyemjibu. Mwishowe akakaa chini kufikiria. Hapo ndipo yule mtu akamtupia jicho kidogo, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kwa sauti ileile aliyotumia akipapasa mgongo wa mbuzi, "Tulia."

Niliangusha kuni. Nikamfuata mpaka zizini kumuuliza dawa yake ni nini. Alishangaa, maana watoto hawakuwa wakimwuliza mambo. Akaniambia, "Binti yangu, ukimpigia mbwa kelele, yeye anadhani na wewe unabweka. Anafurahi amepata mwenzake."

Basi nikaanza upya. Kwa Kikamba mbwa yule alikuwa ameharibika, lakini Kiswahili hakuna aliyekuwa amemwambia, kilikuwa bado kisafi. Eka likabaki jina. Tulia ikawa amri. Kila aliponirukia nilikunja mikono na kuangalia milima, hata kama ananivua sketi. Alipokaa chini, nilisema tulia, polepole, nikampa ukoko wa ugali niliokwangua sufuriani na kuuficha mfukoni. Ukoko huo ulikuwa chakula changu ninachokipenda kuliko vyote, kwa hivyo usidhani ilikuwa kazi ndogo. Susu alinitazama akiwa mlangoni na mguu wake juu ya kigoda, akasema hajawahi kuona mtu akimsomesha mbwa Kiswahili wakati mwenyewe amepata alama zile shuleni. Lakini kesho yake nilikuta ameniachia ukoko mkubwa zaidi, ameukausha vizuri pembeni ya jiko.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo yule Mwislamu wala mimi hatukuliwaza. Barabara yetu ilikwenda wapi? Tulia. Na makanga wa magari madogo aliyesimama pale kwenye njia panda alikuwa akiita nini kutwa nzima? "Tulia, Tulia, Tulia, bado wawili." Siku ya soko nilimtafuta Eka nikamkosa. Nikamkuta ameketi mbele ya makanga, mgongo umenyooka, mkia unafagia vumbi, anangoja ukoko. Makanga alikuwa ameishiwa nguvu kwa kicheko. Akaniambia, "Dada, abiria wako nimemwambia atangulie ndani, amekataa." Ikabidi nimweleze jambo lote, naye kwa uungwana wake akawa anaweka kipande cha chapati mfukoni. Wiki ya tatu mbwa alikuwa anakaa chini hata gari likiwa mbali.

Ila nyumbani bado sikuwa na hakika. Akiwa na mimi peke yangu, alikuwa mwanafunzi. Watu wakizidi wawili, furaha ilimpanda kichwani akasahau shule yote.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa nimemshika Eka nyuma ya jiko tangu asubuhi. Mgeni wa Tseikuru alikuja na mjomba, mtu mfupi, mchangamfu, na salamu zake zilisikika kabla ya miguu yake. Susu alikuwa ameshaanza kutembea. Alikataa nisimame kumsaidia, akatoka jikoni bila fimbo, mikono yote miwili imeshika sufuria ya chai ya maziwa iliyokuwa bado inachemka. Mgeni akacheka kwa sauti kubwa. Eka akasikia binadamu mpya yuko duniani, akachomoka mikononi mwangu.

Mjomba alimwona, akapaza sauti, "Eka!" Mgeni akamwona, naye ni Mkamba kama sisi, akasema, "Eka!" Susu akageuka, akaona, na kwa woga akasema nini? Eka. Watu watatu wanamwita kwa jina lake, kwa nguvu, na aliye karibu ni Susu. Mbwa akapinda kona akaelekea kwake.

Nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Nyamazeni nyote!"

Labda wewe umelelewa mahali pengine. Kwetu mtoto hamwambii mtu mzima anyamaze. Hata kusema "subiri" ulikuwa unatazama kwanza ni nani yuko karibu na ameshika nini. Walinyamaza kwa mshtuko tu, midomo wazi, mbele ya mgeni. Na katika kimya hicho nikasema polepole, jinsi nilivyoweza, "Tulia."

Eka alifunga breki kwa miguu yote minne. Vumbi likampita. Akakaa. Alikaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye leso ya Susu, anatetemeka kwa hamu, ulimi nje, lakini amekaa. Chai haikumwagika hata tone. Nilimfikia, nikampa ukoko, nikaanza kulia palepale, kwa sababu nilikuwa nimemwokoa Susu, nimemwokoa mbwa, na nilijua sasa nitachapwa.

Mgeni ndiye aliyesema kwanza. Alimtazama Eka kuanzia masikio hadi mkia, akamgeukia mjomba. "Huyu ndiye mbwa uliyesema ameshindikana? Kwa mbuzi wangu huyu ni askari. Naondoka naye leo."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Wiki tatu nilimfundisha ili abaki, kumbe nilikuwa nampamba aende. Mjomba alikuwa anatikisa kichwa kukubali, neno la mwanaume limeshatolewa. Nilimshika Eka shingoni kwa mikono yote miwili.

Susu aliweka sufuria chini. Akajifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja, kama mtu asiye na haraka yoyote. Akamwuliza mgeni, "Wewe umemwambia eka, amekusikia?"

"Hapana, mama."

"Mimi je? Na huyu mwanangu?"

"Hapana."

"Basi mbwa huyu anasikia mtu mmoja tu. Ukimchukua, itabidi umchukue na huyu mtoto, maana bila yeye hafanyi kazi. Na mtoto sikupi."

Mgeni alicheka sana. Mjomba alikohoa, akatafuta kitu cha kutazama, mwishowe naye akacheka. Chai ikamiminwa. Mimi Susu aliniita kando, nikaenda nimekaza makalio kungoja kiboko, akainama akaniambia sikioni, "Siku nyingine ukitunyamazisha, anza na tafadhali." Mgeni alirudi Tseikuru na jogoo na gunia dogo la ndengu, na kila alipokutana na mjomba aliulizia hali ya mwalimu.

Eka aliishi mpaka nikaenda chuo. Siku hizi ukipita pale hutapajua. Barabara ina lami, magari hayasimami tena kwenye njia panda yetu. Ua wa miiba umeondolewa, kuna ukuta na geti la chuma, na muthokoi unanunuliwa dukani ukiwa umeshakobolewa. Susu amelala upande wa chini wa shamba, karibu na mahali tulipokuwa tukianika ndengu. Nikienda huwa naenda peke yangu, nasafisha nyasi, nampa habari.

Nikimkumbuka, namkumbuka Jumapili moja ya likizo. Eka alikuwa amezeeka, masikio yamekufa, mvi kwenye mdomo, analala mlangoni kutwa. Susu alirudi kutoka kanisani, fimbo mkono mmoja, Biblia mkono mwingine. Mbwa akainua kichwa, akamwona, akapiga mkia chini mara mbili, akakirudisha kichwa juu ya miguu yake. Susu akasimama pale uwanjani. "Hata leo hunirukii?" akamwuliza. Nilidhani anatania. Akaweka Biblia kwenye kigoda, akaegemeza fimbo ukutani, akasimama juani bila kushika kitu chochote, mikono imefunguka kidogo, anangoja. Wiki tatu nzima tulimfundisha asitufurahie kupita kiasi, na alikuwa ametusikia.